Robo Saa ya Kukandamiza

Mimi ni nesi wa chumba cha ultrasaundi, na kazi yangu kubwa ni kukandamiza. Watu wakisikia nesi wanafikiria sindano na kupima presha. Mimi nakandamiza matiti. Dokta akishamaliza kumkata mgonjwa kinyama cha kupima, anavua glavu na kwenda kuandika ripoti, nami nabaki na pamba mikononi, nabana pale sindano ilipoingilia ili damu isivilie ndani. Robo saa kamili kwa saa ya ukutani. Ukiachia mapema, kesho yake titi limekuwa jeusi kama bilinganya na mwenye nalo anarudi akilia.

Katika robo saa hiyo mgonjwa hana la kufanya ila kukutazama usoni. Wote huuliza swali moja: "Sista, umeonaje?" Na jibu tulilofundishwa ni moja: majibu yanatoka maabara, baada ya wiki mbili, na anayeyatoa ni dokta. Zungumza naye habari za mvua, za watoto, za majirani, lakini hilo usiliguse. Miaka kumi na moja nililishika sharti hilo. Nikalivunja mara moja tu, kwa wifi yangu, na sasa wifi yangu anakufa.

Wifi mwenyewe ni mke wa mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye mama aliyefungia naye uzazi. Mama alipofariki nilimlea mimi, mpaka akaota ndevu. Kisha akaja huyu, fundi cherehani mwenye mdomo wake, akanichukulia. Sikumpenda, naye hakujisumbua kutafuta kupendwa. Tulisalimiana vizuri na kusengenyana vizuri zaidi. Hawakujaliwa mtoto, na kwa hilo peke yake sikuwahi kumchokoza. Hata mimi nina mpaka.

Siku alipogusa uvimbe hakumwambia mumewe kwanza. Alikuja kazini kwangu, akanivuta mkono mpaka chooni, akafungua blauzi.

"Shika hapa, wifi. Nikimwambia mdogo wako ataanza kulia kabla yangu."

Nikashika. Kivimbe kilikuwa kwenye titi la kushoto, kwa juu, upande wa kwapa, kigumu kama goroli.

Wiki iliyofuata alikuwa amelala kwenye kitanda chetu, mkono wa kushoto juu ya kichwa, titi limepakwa jeli. Dokta wetu ni mama wa maneno machache, lakini siku hiyo alieleza yote. Atapigwa ganzi, atachanjwa kidogo, kisha itaingia sindano yenye mdomo ubavuni. Sindano itakaa chini ya uvimbe, mashine itaivuta nyama iingie mdomoni, kisu cha ndani kitakata, na vipande vitatoka kimoja kimoja bila sindano kuchomolewa. Uvimbe mdogo unaweza kuisha wote, usionekane tena kwenye kioo cha mashine.

"Lakini hapa tunapima tu," dokta alisema. "Hatujatibu kitu. Tumeelewana?"

Wifi akaitikia. Mtu akiwa amelala chali huitikia kila kitu.

Mashine ikaanza kunguruma. "Inakoroma kama mdogo wako," wifi akaninong'oneza, nikajiuma mdomo nisicheke mbele ya dokta. Nilikuwa napokea vipande, vidogo kama tambi zilizokatika, nikivitumbukiza kwenye chupa ya dawa. Kwenye kioo lile doa jeusi la uvimbe lilikuwa likipungua. Kipande cha nane, limebaki nusu. Kipande cha kumi na tano, halipo. Dokta akaacha pale alama, kijipini cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele, ili mahali pajulikane siku ikibidi kurudi. Akachomoa sindano, akatoka.

Nikaanza kukandamiza. Kwenye dakika ya tano nikaona machozi yanamtoka, yanateremka kuingia masikioni. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa baba yake. Nilitamani kumfuta, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini.

"Wifi," akasema, "niambie ukweli. Wewe hunipendi, kwa hiyo hutanidanganya."

Niliona aibu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye ukoo wetu nikataka kumpa kitu. Nikasukuma kioo kwa kiwiko mpaka kikamgeukia. Picha ya mwisho ilikuwa bado imeganda pale.

"Tazama mwenyewe. Kiko wapi?"

Alitazama muda mrefu. "Hakipo."

"Basi. Kimenyonywa chote."

"Chote?"

"Si unaona? Nyamaza, usije ukanilowanishia mto."

Hakuna neno la uongo hapo, na hilo ndilo linaloniumiza. Doa halikuwepo kweli. Ila mimi nilijua kwamba mashine ile haioni chembechembe zilizobaki, na haijui kama kilichonyonywa kilikuwa kizuri au kibaya. Yeye hakujua. Kwake yeye fundi, ushonaji mbaya ukishafumuliwa umefumuliwa. Akaenda nyumbani akamwambia mumewe kwamba uvimbe umetolewa, na wifi amemwonyesha kwa macho yake.

Siku ya tatu nilikwenda kwao kumbadilishia plasta. Nikamkuta Kitinda ameinamia karo, anasugua masufuria, mapovu mpaka kwenye viwiko.

"Mwenzangu, uliolewa au uliajiri?" nikamwuliza wifi.

"Mwanamume ana mikono miwili kama mimi. Wewe ulimlea kama yai, nimemkuta hajui hata kuwasha jiko."

"Bora yai. Kwako amekuwa dodoki."

Kitinda alicheka peke yake. Nikabandika plasta kwa hasira, nikaondoka bila kunywa chai. Hapo tukanuniana. Niliapa sitakanyaga pale mpaka aniombe radhi, na yeye, nilikuja kusikia baadaye, aliapa kiapo hichohicho. Kitinda akipiga simu nilimjulia hali yeye tu.

Wiki mbili zikapita, majibu yakaja. Mimi siyaoni majibu. Yanatoka maabara kwenye bahasha, yanapokewa na karani wa mapokezi, mgonjwa anakuja kumwona dokta na kutia sahihi. Wifi hakuja. Karani akampigia simu, naye akamjibu vizuri tu: "Mimi nilishamaliza, dada. Wifi yangu yuko hapohapo kwenu, ndiye aliyenionyesha." Karani akawaza moyoni, huyu ni mtu wa sista, sista atampelekea. Akaitia bahasha kwenye droo. Na mimi kila nilipomkumbuka wifi niliwaza: ameshachukua majibu yake, yametoka mazuri, ndiyo maana ana kiburi cha kuninunia. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyowaza. Kumwuliza mtu neno moja kulinishinda kwa sababu ya masufuria.

Miezi saba baadaye Kitinda akapiga.

"Dada, wifi yako ana jipu kwapani, haliivi. Na mgongo unamuuma, hawezi hata kukaa kwenye cherehani. Amenikataza nisikwambie."

Nilikwenda mapokezi simu ikiwa bado sikioni. Karani akavuta droo. Bahasha ilikuwa chini ya nyingine nne.

"Si ulisema utampelekea?" akaniuliza.

"Nilisema lini?"

Akafikiri. "Hukusema. Nilidhani."

Nikachana bahasha palepale. Saratani. Yaliyofuata niliyasoma mara tatu, maneno ninayoyajua kabisa, nisielewe hata moja.

Vipimo vipya vikaonyesha imeshafika kwenye uti wa mgongo na kwenye ini. Dokta aliniita, akaweka mezani picha ya kwanza. Uvimbe wa milimita kumi na saba, na kwapani ni safi. "Wakati ule," akaanza, kisha hakumalizia. Akaniuliza ni nani aliyemwambia mgonjwa kwamba imekwisha. Nikamwambia ni mimi. Nilingoja anifukuze, na nilitaka anifukuze. Akavua miwani, akaifuta kwa kola ya koti lake.

"Na mimi nilipaswa kumtafuta alipokosa kurudi," akasema. "Sikumtafuta. Nenda ukamwambie."

Nenda ukamwambie. Kama vile naenda kumwambia aanue nguo, mvua inakuja.

Kitinda anaamini ugonjwa umerudi. "Umerudi," anawaeleza majirani. "Dada yangu alimwahi mapema kabisa, ila umerudi." Kisha ananishukuru. Kila akinishukuru natamani anizabe kofi. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu ulikiacha kichwa changu salama ukaponza cha mwenzangu. Nikisema, nitampoteza mdogo wangu, na sina ndugu mwingine. Nisiposema, wifi atakufa akidhani ni mwili wake uliomsaliti. Kwa mwezi mzima nilikwenda kumwogesha kila Jumamosi, maneno yakiwa mdomoni, nikarudi nayo.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, Kitinda alitoka nje kuanika mashuka. Nilikuwa nimemkalisha wifi kitandani, namkausha mgongo. Mifupa yake unaweza kuihesabu. Nikaona nikingoja wiki nyingine nitakuja kumwambia maiti.

Nikamwambia nikiwa nyuma yake. Nilimwambia yote, picha, bahasha, droo, karani, na jinsi nilivyodhani ananiringia. Hakugeuka.

"Bahasha ilikuwepo tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Wakati ule nilikuwa wa kupona?"

"Labda, ndiyo."

"Ondoa labda."

"Ndiyo."

Nje nilimsikia Kitinda akikung'uta shuka. Taulo lilikuwa mkononi mwangu na sikujua nilipeleke wapi.

"Miezi saba," wifi akasema, "nilikaa hapa nangoja uje uniombe radhi kwa ajili ya masufuria."

"Na mimi nilikuwa nangoja."

"Si ungeendelea kunichukia tu, wifi? Nani alikutuma unihurumie?"

Hapo nililia. Yeye hakulia. Aliniacha nilie mpaka nikaishiwa, kisha akaniambia nimvalishe gauni kwa sababu anasikia baridi. Nilipokuwa namfunga vifungo akanishika kifundo cha mkono. Nguvu zilikuwa zimebaki kwenye vile vidole vya ufundi tu.

"Usimwambie mdogo wako."

"Lazima ajue."

"Ajue ili iweje? Mimi nikiondoka atabaki na nani? Mtoto hatuna. Mama hayupo. Atabaki na wewe. Ukimwambia, atabaki na kuta."

"Wifi, siwezi kumtazama usoni."

"Utamtazama. Kila siku, mpaka na wewe ufe." Akavuta pumzi. "Na sijakusamehe. Usije ukajidanganya kwamba nimekusamehe. Nalificha kwa ajili yake, si kwa ajili yako."

Mlango ukafunguliwa. Kitinda akaingia na beseni tupu kiunoni, mikono bado imelowa. Akatutazama, mimi na macho yangu mekundu, na mkewe aliyenishika mkono.

"Mnaongea nini nyinyi wawili?"

"Tunakusengenya," wifi akasema.

Kitinda akaangua kicheko. Wiki nyingi nilikuwa sijakisikia kile kicheko chake. "Hatimaye mmepatana," akasema, akaweka beseni chini, akaja kukaa kati yetu. Wifi alinikazia macho juu ya bega la mumewe, akayakaza mpaka na mimi nikacheka.