Karanga ya Butoyi

Mume wangu Bukuru alizaliwa na pacha, na mimi sikuambiwa mapema kwamba ninaolewa na wote wawili. Kwetu Burundi mapacha hawachaguliwi majina: aliyetangulia ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi, na mama yao anapata heshima pamoja na kazi isiyoisha. Ukimpa mmoja, sharti umpe na mwingine. Ukimnunulia mmoja shati, tafuta la pili. Mmoja akichapwa, mwenzake naye aguswe na fimbo hata kama alikuwa amelala. Usipofanya hivyo, wanasema wazee, pacha aliyepunjwa ataugua, ataondoka duniani na kumwita mwenzake amfuate. Mama mkwe wangu aliishika sheria hii kama wengine wanavyoishika misa ya Jumapili. Na hao watoto wake walikuwa wameshapita miaka arobaini, wana ndevu.

Walikuwa na saluni ya kunyoa pale mtaani Jabe, viti viwili na kioo kimoja. Walifanana mpaka siku moja askari wa kizuizi cha barabarani wakawakamata wote wawili, wakidhani ni mtu mmoja anayepita mara mbili. Wateja waliwatofautisha kwa kitu kimoja tu: Bukuru ananyoa kwa mkono wa kulia, Butoyi kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa miaka ya vita, na juu ya vita tukawekewa vikwazo. Nchi jirani zilitufungia mipaka, petroli ikauzwa kwa chupa, na sukari ikawa kitu cha kufunguliwa mgeni akija, halafu kufungwa haraka. Ndipo mume wangu akaanza kunywa. Si pombe, pombe ningejua la kufanya. Alikuwa anakunywa maji. Alimaliza mtungi, akamaliza birika, akienda saluni akaagiza Fanta. Nguo zikaanza kumpwaya, mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha lingine. Na usiku akawa haishi kwenda chooni, na choo chetu kilikuwa mwisho wa ua. Wakati ule wa amri ya kutotoka nje, kitu kinachotembea gizani hakikuulizwa jina. Kila alipofungua mlango nilikaa kitandani nikisikiliza mpaka arudi. Niliogopa sana, ingawa mbele yake nilimwambia kwamba anamaliza kandambili zangu.

Katika mji huu kila ugonjwa ni malaria mpaka ushindwe kuwa malaria. Walimtoboa kidole, wakatazama tone la damu kwenye darubini, hawakuona mdudu. Wakamtoboa tena, wakakosa tena. Hapo daktari akaandika kipimo cha sukari: Bukuru aende maabara asubuhi, tumbo tupu, asile wala asinywe kitu tangu jana yake isipokuwa maji, na safari hii damu itatolewa mkononi, kwenye mshipa.

Sasa mjue kwamba mume wangu, aliyeshika wembe kwenye shingo za watu siku zote, anaogopa sindano kuliko anavyoogopa bunduki. Tobo la kidole alilivumilia akitazama dari. Lakini kwenye mshipa! Asubuhi ya kipimo aliondoka na ndugu yake, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kuposa. Mimi nilikuwa na maharage na karanga zangu za kuuza sokoni, sikuweza kuwasindikiza.

Jioni alirudi anacheka.

"Mama Darius, nilikuambia mi siko mugonjwa! Sukari yangu iko sawa kabisa. Leta Fanta!"

Nilimshukuru Mungu, nikaleta. Lakini wiki zikaenda, Fanta ikaenda, na mume wangu naye akazidi kwenda. Mashavu yalimwingia ndani. Siku moja alikaa kwenye kiti chake cha kunyolea ili apumzike, akalala hapo hapo, wateja wakamzunguka kama msiba. Nikasema basi. Nikafunga duka langu la mkeka na kwenda mwenyewe maabara, nikauulize huo mtambo wao unadanganya kwa faida gani.

Dada wa maabara anaitwa Joëlla. Ni mwembamba, ana miwani, na hapendi mtu aseme vibaya kuhusu mtambo wake.

"Mama, mashini haidanganyi," alisema. "Inasoma ile damu umeileta. Mi nakumbuka bwana yako vizuri. Alicheka muda wote, akaniambia mkono wangu ni mwepesi."

"Bwana yangu? Alicheka na sindano?"

"Alicheka. Tena nilimchoma mkono wa kulia, juu ya kazi yake. Mi nauliza kila mutu anafanya kazi na mkono gani, halafu nachoma ule mwingine, asiende kazini na mkono unauma. Akaniambia ananyoa na kushoto."

Nilimshukuru sana Joëlla. Nilimwambia mtambo wake ni mtakatifu, nikaondoka.

Saluni nilimkuta Bukuru amemkalisha mzee Hamissi, fundi baiskeli, nusu ya kichwa imenyolewa. Butoyi alikuwa anafagia.

"Baba Darius," nikasema kwa sauti tamu, "nionyeshe mukono ile walichoma damu."

Bila kusita akakunja shati upande wa kulia. Walikuwa wameupanga uongo wao vizuri, kila mmoja na fungu lake.

"Hapa."

"Aa. Na we unanyoa na mukono gani?"

Wembe ulikuwa mkononi mwake, mkono huo huo. Mzee Hamissi, masikini, akaanza kusogeza kichwa pembeni polepole. Butoyi akafagia mahali ambapo hapakuwa na nywele.

"Ni damu moja, Mama Darius," akasema mume wangu. "Tumbo moja, siku moja, ziwa moja. Iko na tofauti gani?"

"Kama ni moja, juu ya nini we unakwenda chooni usiku kucha, na shemeji analala?"

Mzee Hamissi alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka shingoni. Mimi pia nilicheka. Mume wangu hakucheka. Alinivuta nje, nyuma ya saluni, na pale nikaona macho yake yamejaa maji.

"Mi naogopa sindano, ni kweli," alisema. "Lakini si hiyo tu. Kama damu yangu iko na ugonjwa, basi na ya Butoyi iko nao. Na kama mi nitakufa, atanifuata. Nilitaka tuone kwanza yake. Nikasema yake ikiwa safi, basi tumepona wote."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumchoma, nikayaacha. Nilimpenda, nikamkasirikia, na nikaona wazi kwamba mtu huyu atakufa huku ameshika majibu mazuri ya ndugu yake. Kumsihi hakungesaidia, nilikuwa nimemsihi wiki nzima arudi kupima. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mkaza mwana mwenye akili halifanyi ila kwa shida kubwa. Nilikwenda kumshitaki kwa mama yake.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote: sindano, uongo, damu. Uongo haukumshughulisha hata kidogo.

"Ngoja," akasema. "Walichoma Butoyi?"

"Ndiyo, mama."

"Na Bukuru?"

"Bukuru hawakumuchoma."

Akaweka ungo chini. "Butoyi peke yake? Sindano moja, na watoto wawili? Na we umekaa siku hizi zote unaniangalia tu? Munataka kuniulia watoto!"

Kesho yake asubuhi alimshika mume wangu mkono, akampitisha katikati ya soko la Jabe, tumbo tupu, ndevu na yote, kama mtoto anayepelekwa chanjo. Butoyi alifuata nyuma. Mimi nilifuata nyuma ya Butoyi, sikutaka kukosa.

"Unafanya kazi na mkono gani?" Joëlla akauliza.

"Kulia."

"Leo ni kulia. Haya, lete kushoto."

Akamfunga mpira juu ya kiwiko. Mume wangu akafumba macho, akaanza Salamu Maria, na kabla hajafika "umejaa neema" damu ilikuwa imeshaingia kwenye chupa. Joëlla akaipeleka mbio. Mama mkwe akamwuliza anakimbilia nini.

"Damu haingoji, mama. Ikikaa kwenye chupa inaendelea kula sukari yake, kama wageni umewasahau mezani. Ukichelewa kupima, unakuta imepunguka, unamwambia mutu yuko muzima kumbe apana."

Tulikaa kwenye benchi. Mama alisali rozari, Butoyi alikuna goti, na mimi sikuwa na mzaha wowote. Joëlla aliporudi alivua miwani kwanza.

"Mutu amelala bila kula, sukari yake ni karibu gramu moja kwa lita, ao chini kidogo. We uko na karibu tatu. Ni ugonjwa wa sukari. Daktari atakupa vidonge, na Fanta imekwisha. Ukifuata utaishi. Usipofuata, utaharibu macho, utaharibu figo, utakufa."

Nchi nzima ilikuwa inaitafuta sukari, na mume wangu alikuwa ameificha ndani ya mishipa. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini yeye hakuwa anatusikiliza.

"Na ya Butoyi?" aliuliza.

"Yake ilikuwa sifuri nukta tisa. Safi."

"Una hakika ile ni yake? Si yangu?"

"Ni yake. We mwenyewe ulihakikisha."

"Lakini sisi tuko damu moja."

"Munafanana, lakini kila mutu na mwili wake. Pengine siku moja na yeye ataupata, nitakuwa namupima kila mwaka. Leo hana." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, ulizaa wawili. Hukuzaa mmoja mara mbili."

Mume wangu akafunika uso kwa mikono, akalia kwa furaha. Sijaona tena mtu anayeambiwa kwamba ana ugonjwa wa maisha yote akatoka anatabasamu. Nilimwonea wivu Butoyi kidogo, na sioni haya kusema.

Shida ilirudi nyumbani pamoja na vidonge. Mama mkwe alichukua kile cha kwanza, akatafuta kisu, akataka kukikata katikati: nusu ya Bukuru, nusu ya Butoyi. Nilimshika mkono.

"Mama, Joëlla amekataza. Mutu hana sukari nyingi akimeza hii, sukari inashuka mpaka anatetemeka, anaanguka. Ukigawa, yule mugonjwa hatapona, na yule muzima atakuwa mugonjwa."

"Na mi nimunyime Butoyi?"

Akaweka kisu chini, akatazama kidonge, akatuangalia. Halafu akaingiza mkono kwenye kapu langu la biashara, akatoa karanga moja, akaimenya na kuitia kwenye kiganja cha Butoyi.

"Meza," akasema. "Na maji."

Butoyi akameza, mzimamzima, bila kutafuna, uso umekazwa kama anayemeza dawa chungu. Bukuru alimtazama mpaka koo lake likashuka, kisha naye akameza kidonge chake. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mama alipofariki nilidhani mchezo umekwisha. Niliwakuta mlangoni siku ya pili ya matanga, kila mmoja na kikombe chake, wananingoja nifungue kapu.

Halafu ukafika ule mwezi wa saba ambapo mabomu yalikuwa yakirushwa mjini kutoka milimani. Asubuhi moja tulikuwa tumelala chini sakafuni, Bukuru na mimi na watoto, hakuna aliyethubutu kuinua kichwa. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Butoyi, amevuka ua akitambaa toka chumba chake, vumbi mpaka kwenye ndevu, ngumi ya kushoto imefungwa.

"We mwendawazimu!" nikampigia kelele. "Karanga hata kwako unaweza kumeza!"

Akafungua ngumi, akanionyesha karanga yake, ameshaimenya.

"Na yeye, shemeji," akasema, "nikimeza kule, ataniona namna gani?"

Nikatambaa kwenda kuleta maji, vikombe viwili.