Pumzi Ishirini

Wauguzi wote waliopita mikononi mwake walimwita Bibi Saa, naye alijua, akajifanya hajui. Saa yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubandika kifuani, imening'inia kichwa chini ili aliyeivaa aisome akiinama. Hakuivua hata baada ya kustaafu. Mdogo wake alizoea kumtania kwamba atazikwa nayo, na malaika wakija kumhoji atawaambia wasubiri kwanza awapime mapigo ya moyo.

Siku ya tatu baada ya mdogo wake huyo kupasuliwa uvimbe tumboni, Bibi Saa aliingia wodi namba sita saa nane mchana, muda wa kutazama wagonjwa, na chupa ya uji mkononi. Wodi hiyo aliiongoza miaka kumi na tisa. Alimkuta mdogo wake ameegemezwa kwenye mito miwili, midomo imemkauka.

"Dada... umechelewa."

"Nimechelewa nini, na mlango umefunguliwa sasa hivi! Kunywa uji, nimekutilia sukari kwa kipimo chako, siyo changu."

"Uji... baadaye."

Bibi Saa akaiweka chupa chini. Tangu azaliwe, mdogo wake hakuwahi kukiambia chakula "baadaye". Mama yao alifariki huyu angali ananyonya, na Bibi Saa, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia, akamfundisha kutembea. Kati ya ndugu watano walibaki wao wawili tu. Hakuwa na mwingine duniani wa kumwita dada.

Akaichukua chati iliyotundikwa miguuni mwa kitanda. Joto lilikuwa limepanda kidogo, mapigo kidogo. Akashuka mpaka mstari wa pumzi: ishirini. Asubuhi ishirini, saa sita mchana ishirini, jana ishirini mara nne, juzi vilevile. Siku tatu mwanamke aliyepasuliwa tumbo alikuwa amehema sawasawa bila kupungua wala kuzidi hata moja.

Akaweka kiganja kifuani mwa mdogo wake, akijifanya anamrekebishia shuka, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Akainamia saa yake. Alihesabu dakika nzima, siyo robo dakika na kuzidisha kwa nne. Thelathini na nne. Akahesabu tena, akapata thelathini na sita. Alipogusa tumbo lilikuwa limekaza, na mdogo wake akauma meno.

"Chapuchapu!"

Muuguzi aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo sasa, kiongozi wa zamu, lakini jina hilo Bibi Saa alimpa mwenyewe akiwa mwanafunzi, kwa jinsi alivyotandika vitanda kumi wenzake wakiwa kwenye cha tatu. Alikuja anacheka.

"Shikamoo, Matroni! Umetukumbuka leo!"

"Marahaba. Pumzi za saa sita alizihesabu nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Nauliza, ulizihesabu?"

Chapuchapu akamtazama kana kwamba kuna mzaha ambao hajaupata. "Matroni nawe! Si ulitufundisha mwenyewe? Asiyehema kwa kelele, mwandikie ishirini." Alisema bila ubaya wowote, sauti ya mtoto anayemkumbusha mama yake msemo wa nyumbani.

Ilikuwa kweli.

Alipoanza kazi hakukuwa na chuo. Wasichana walichukuliwa kwa umri na nguvu za mikono, wakafundishwa kumwaga vyoo vya vitandani na kuchemsha sindano, na watu mitaani walisema hiyo ni kazi ya wanawake wasio na kwao. Baba yake alikaa mwaka mzima bila kujibu salamu zake. Madaktari waliwaita kwa kupiga vidole. Na kalamu hawakuruhusiwa kushika: muuguzi aliona, daktari akaandika, na asichokiamini daktari hakikuandikwa. Bibi Saa aliwahi kusema mara tatu kwamba mtoto wa kitanda cha nne anabadilika rangi, akaambiwa mara tatu akaoshe mabeseni. Mtoto alikufa, na kwenye karatasi ikaonekana hapakuwa na dalili.

Ndiyo maana waliipigania kalamu. Iliwachukua miaka, barua, na mgomo mmoja wa siku mbili ambao wenzake wanne walifukuzwa kwa ajili yake. Wakaipata. Kisha wakapigania chuo chao, leseni yao, baraza lao wenyewe la kuwasimamia, na mwishowe wakaguzi wakaja kuona kama chuo cha hospitali kinastahili kutambuliwa. Wakasema wazi: chati yenye nafasi tupu ni ushahidi kwamba uuguzi si taaluma, ni ukibarua.

Wiki ile wodi namba sita ilikuwa na wagonjwa sabini na wauguzi wawili. Joto themometa inapima yenyewe, lakini pumzi zinataka dakika nzima kwa kila mtu, mara nne kwa siku. Bibi Saa alipiga hesabu kichwani, akaona haiwezekani, akawakusanya wanafunzi nyuma ya kabati la dawa. "Asiyehema kwa kelele, mwandikie ishirini. Wiki hii tu." Chati zikajaa. Wakaguzi wakasifu. Chuo kikatambuliwa, na leo kinatoa shahada, na mabinti wa watu wakubwa wanakigombania. Lakini mazoea yana taabu, na wiki ile ilikuwa haijaisha.

"Mhesabu sasa," alisema.

"Matroni, nina wagonjwa sabini na mmoja na mwenzangu mmoja."

"Mhesabu."

Chapuchapu akahesabu. Katikati ya dakika kicheko kilimtoka usoni. Alipomaliza aliandika namba kwenye kiganja chake, si kwenye chati, akaenda akauburura mtungi wa oksijeni mwenyewe, akamvisha mgonjwa barakoa, kisha akapiga simu kwa daktari wa upasuaji. Bibi Saa alisimama karibu, akisikia sauti ya upande wa pili.

"Chati inasemaje?"

"Saa sita ilikuwa ishirini, Daktari, lakini sasa hivi thelathini na sita."

"Na jana?"

"Ishirini."

"Siku tatu ishirini, ghafla thelathini na sita? Kuna ndugu hapo?"

"Yupo dada yake."

"Basi ndiye anamtia hofu. Ndugu watoke, mpime tena saa kumi na mbili. Nina mtu mezani hapa."

Bibi Saa akaunyakua mkono wa simu. "Daktari, tumbo limekaza. Nimewahi kuwa matroni wa hospitali hii, najua ninachokuambia."

"Pole, Mama. Lakini sisi hapa tunafuata chati." Simu ikakatwa.

Hata kumtukana hakuweza. Maneno hayo yalikuwa yake. Kwenye mlango wa wodi bado lilitundikwa tangazo ndani ya fremu: mgonjwa husomwa kwenye chati, si kwa maneno ya ndugu, ndugu hutoka kengele ikilia. Chini yake ilikuwa sahihi yake mwenyewe, imefifia lakini inasomeka. Alilitundika siku ambayo daktari mmoja mkubwa, kwa mara ya kwanza, aliamini alichoandika muuguzi. Siku hiyo alilia kwa furaha chooni.

"Mpigie tena," alimwambia Chapuchapu. "Mwambie hizo ishirini hazikuhesabiwa. Akijua ni za uongo atakuja."

Chapuchapu alipunguza sauti. "Nikisema hivyo leseni yangu imekwenda. Na si yangu peke yangu. Watafungua chati za wodi zote, za miaka yote. Watauliza nani alianzisha." Macho yalimjaa machozi. "Matroni, watasema nini juu yetu? Watasema kumbe wale waliotunyima kalamu walikuwa sahihi."

Bibi Saa aliiona kalamu, na wale wanne waliofukuzwa, na baba yake aliyekuja kumpa mkono siku ya mahafali ya kwanza. Hakuigusa simu. Kengele ya saa tisa ikalia, mlinzi akaja akasimama kwa adabu. "Mama, samahani. Sheria ni yako." Akamshika mdogo wake vidole, vilikuwa vya baridi.

"Usikae... mbali," mdogo wake alisema ndani ya barakoa.

"Nipo hapo mlangoni."

Alikaa kwenye benchi la nje, chupa ya uji mapajani. Alijiambia oksijeni itasaidia, daktari atamaliza aliye mezani, Chapuchapu ni mwepesi. Alijiambia mengi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye alikaa na wake saa nzima akiogopa kuuchomoa mbele za watu. Saa kumi kamili aliinama kuisoma saa, akajikuta anahesabu pumzi, za kwake, kwa woga. Akainuka. Alivuka ua mpaka jengo la upasuaji, akasimama mlangoni, na daktari alipotoka akivua glavu alimzibia njia.

"Zile ishirini hazikuhesabiwa. Hata moja. Njoo."

Daktari alikuwa kijana, na hakuwa mtu mbaya. Alimtazama usoni kidogo tu, kisha akakimbia. Bibi Saa alimfuata kwa mwendo wake wa kizee, na alipofika wodini pazia lilikuwa limeshavutwa. Alisikia kitanda kikitikisika kwa mikono inayokandamiza kifua, akasikia Chapuchapu akihesabu kwa sauti, moja mbili tatu, kwa usahihi, kama alivyofundishwa. Kisha hesabu ikasimama.

Hakuna aliyemzuia kuingia. Mdogo wake alikuwa amelala mdomo wazi, nywele zimevurugika. Bibi Saa alizilaza kwa kiganja. Tumbo lilikuwa limeoza kwa ndani tangu jana, daktari alisema, na jana pumzi zingeonyesha. Alisema hivyo huku akiifungua chati ili aandike saa ya kifo, saa kumi na dakika ishirini na tano. Mkono wake ukakwama hewani.

Mstari wa saa kumi na mbili jioni ulikuwa umeshajazwa. Yule muuguzi mwingine, aliyekuwa akiwahi kumaliza zamu, alikuwa amepita vitanda vyote mapema. Pumzi: ishirini.

"Nani ameandika hii?"

Yule muuguzi alitazama sakafu. Chapuchapu alifungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Bibi Saa.

Daktari akamgeukia, akamwona ajuza aliyefiwa, kanga imemteleza begani. Sauti yake ikalainika.

"Pole sana, Mama. Ni uchungu unaosema."

"Siyo uchungu. Ni mimi niliyeandika. Zote."

"Sista, msindikize ndugu nje, tafadhali."

Chapuchapu akamshika kiwiko, namba thelathini na sita bado iko kiganjani mwake. Wakapita chini ya lile tangazo bila kuinua macho. Bibi Saa akakaa kwenye benchi, akaiona chupa pale alipoiacha, akaifungua bila kujua kwa nini. Uji ulikuwa bado wa moto.