Kidevu cha Sajini Okwir

Abalo hakuwahi kuona bomba akaliacha bila kuuliza maji yake yanaelekea wapi. Ndiyo kazi yake huko Katwe, kutengeneza pampu, na ndiyo tabia yake tangu utotoni. Kiharusi kilipompiga baba yake, Sajini Okwir, akawa hawezi kumeza hata uji bila kupaliwa, ndugu walilia. Abalo naye alilia, kisha akaanza kuuliza.

"Musawo, hapa kwa koo iko bomba mbili, si ndiyo? Ya chakula na ya hewa. Sasa nani anafunga hiyo ya hewa?"

Musawo huyo, yaani tabibu, alikuwa Rosebella, Mkenya, mtaalamu wa kumeza katika wodi alimolazwa mzee. Maswali hayakumchosha.

"Ni ubongo, dada. Kutafuna na kusukuma chakula nyuma ya ulimi, hayo unaamua mwenyewe. Kikishafika kule nyuma, shina la ubongo, hapa kisogoni, linashika usukani. Linasimamisha pumzi, linainua koo, linafunga njia ya hewa, linafungua ya chakula. Yote kwa sekunde moja hivi."

"Bila mimi kujua?"

"Bila wewe kuulizwa. Kwa mzee, kiharusi kimechelewesha hiyo amri. Chakula kinafika kabla mlango haujafungwa."

Abalo akaweka vidole kooni, akameza mate kusudi, akahisi kikoromeo kikipanda na kushuka. Miaka thelathini na minne amekula na kunywa, wala hajamshukuru bawabu huyo hata siku moja. Akameza tena. Mara ya tatu mate yakamwishia, akacheka peke yake kama mwehu.

Kicheko hakikudumu. Sajini alikuwa ameshashindwa majaribio mawili ya kumeza. Leo ni la tatu, na akishindwa, Ijumaa atatobolewa tumbo atiwe mpira wa kulishia. Ule wa puani alikuwa ameung'oa mara mbili kwa hasira. Mzee mpenda mboga ya malakwang yenye karanga aje alishwe kupitia tumboni! Abalo aliumia hata kuwaza.

"Akiinamisha kidevu, njia ya hewa inakuwa nyembamba, naye anapata nafasi ya kumeza salama," alisema Rosebella akikoroga uji mzito. "Lakini nikimwambia, hafanyi. Naogopa haelewi maneno tena."

Haelewi? Asubuhi hiyohiyo Abalo alimwomba asogee kidogo, akasogea.

Rosebella akafunga vifungo vya koti lake jeupe, beji kifuani, akasimama mbele ya kitanda. "Mzee, inamisha kidevu kidogo, tafadhali."

Sajini akanyoosha mgongo. Kifua mbele, macho mbele, kidevu juu kabisa. Kijiko kikaingia, na kikohozi kikamtikisa mpaka machozi yakamtoka.

Rosebella akachukua kalamu aandike kuwa ameshindwa. Abalo akamshika mkono.

"Musawo, ngoja. Shida si maneno. Ni hiyo koti na hiyo beji."

Asiyekulia kambi ya polisi hawezi kulijua hili. Sajini Okwir alifundisha gwaride miaka ishirini na sita. Mtu wa beji akisimama mbele yake, mwili wake hukaa mguu sawa, kidevu juu, wala haumuulizi. Walidhani akili imemtoka, kumbe mzee wa watu alikuwa akiwapa heshima yao! Ama kweli, mazoea yana taabu.

Dawa yake Abalo aliijua, ila ilimtisha. Kwao binti huongea na baba akiwa amepiga magoti, kumwamuru hakujawahi kusikika. Walisubiri kikohozi kitulie. Abalo akasimama, akabana visigino.

"Sajini Okwir! Mguu, pande!"

Mabega ya mzee yakashuka.

"Kidevu, chini!"

Kidevu kikashuka. Rosebella akatia kijiko upesi, vidole vyake vikiwa kooni kwa mzee.

"Meza!"

Sekunde moja. Ya pili. Abalo alimwomba yule bawabu asiyeulizwa afunge mlango. Kikoromeo kikapanda, kikashuka. Walitega masikio, kikohozi hakikuja.

Kijiko cha pili. Cha tatu. Kilipofika cha kumi, Rosebella alifungua faili akaifuta Ijumaa. Abalo akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nisamehe. Nimekupigia makelele mbele ya watu."

Mzee akamtazama. Mdomo wake uliopinda ulihangaika kutafuta maneno, ya kwanza kwa wiki tatu.

"Ongeza," akasema, "afande."