Kipande cha Tate

Tangazo rasmi kwa wananchi wote: kuanzia leo Wizara ya Chakula iko chini ya Mheshimiwa Gaëlle, mwanafunzi wa bweni, na maamuzi yake hayakatiwi rufaa.

Wananchi walikuwa watatu, wote wamelowa: mama yake aitwaye Muhawenimana, mdogo wake Gisubizo, na bibi yao Athanasie, waliyemwita Tate. Wizara yenyewe ilikuwa fromaje moja, jibini ya Masisi, na kisu butu. Walikuwa wamekimbia vita Ngungu, wakaogopa barabara, wakaingia msitu wa Walikale. Gisubizo alicheka kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe wao wachukuliwe, basi Mama akamwachia binti yake kisu.

Kila asubuhi Gaëlle alikata vipande vinne, akavigawa kwa uso wa padri anayegawa komunyo. Tate alipokea kwa mikono miwili, akawapa mgongo, akajifunika kitenge. Kwao mtu mzima wa rika lake hatafuni mbele ya wajukuu, na msitu haukuwa sababu ya kuacha adabu.

Mgongo ule ndio uliomponza Gaëlle. Kama hakuna amwonaye Tate akila, nani atajua kipande chake kimepunguzwa? Siku ya pili alikinyoa ukanda mwembamba kama kucha, akautupia mdomoni akijifanya anakohoa. Siku ya tatu kikohozi kilizidi. Mawaziri wote huonja, alijiambia.

Siku ya sita Tate aliketi kwenye mzizi, akaomba wapumzike kidogo. Mama alipomgusa bega waendelee, alikuwa ameshapoa.

Walipofungua kitenge ili wamfunike uso, fundo lililokuwa kwenye pindo likaachia. Ndani mlikuwa na vipande sita vya fromaje. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na alama ya jino.

Mama alivipanga juu ya jani, polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Cha kwanza kilikuwa kinene. Kila kilichofuata kilikuwa chembamba kuliko mwenzake.

"Mheshimiwa," Gisubizo akauliza, "mbona ya Tate iko kadogo hivi?"

Gaëlle alikitafuta kikohozi, hakikuja. Mama hakumtazama. Alichukua kile kinene, akamwekea Gaëlle kiganjani, akamfunga vidole.

"Kula. Alikuwa anawawekea ninyi."

"Mama, njo mimi, ni mimi mwenyewe," Gaëlle alisema. "Nilikuwa namwibia. Kila siku, alipogeuka."