Kifundo cha Ukuti Dabaso

Musembi hakuwa na haja ya kugombana na mama wa watu, lakini ulimi hauna mfupa. Kwao Machakos, nani alipata kulipia kivuli? Tena ilikuwa wiki yake ya kwanza kuendesha gari la watalii la kampuni moja ya Malindi, na alitaka Waitaliano wake wawili, Sinyora Carla na mumewe, waone kwamba dereva wao si wa kuchezewa.

"Kuegesha hapa ni shilingi kumi," alisema Kabibi, mwenye shamba la mikorosho pale Dabaso. "Nawalindia."

"Kumi za nini? Ardhi unaibeba kichwani?" Akawageukia wageni, akawaambia kwa Kiitaliano chake cha kuokoteza kwamba huyu ni mwizi. Kisha akawaongoza kwenda kutazama ndege kwenye mikoko ya Mida, kifua mbele.

Waliporudi saa tisa, Kabibi hayupo. Kwenye mkono wa mlango wa gari pamefungwa kifundo cha ukuti, kimechomekwa kitambaa chekundu na kijiti cheusi. Musembi akapapasa mfuko. Ufunguo, wapi! Akachungulia ndani. Dirisha liko wazi, ufunguo unaning'inia chini ya usukani, na kitini umelala mkoba wa Carla wenye pasipoti na tiketi za ndege ya saa kumi na moja. Maskini wee! Hasira za asubuhi zilimsahaulisha kila kitu. Na njia ile watu hupita kutwa kwenda kisimani, lakini hakuna aliyegusa.

Mume wa Carla akanyoosha mkono afungue.

"Wacha!" Musembi akamdaka. Kile kilikuwa kirapho, kinga ambayo Wagiriama huifunga kwenye minazi yao. Asiyekifunga akikigusa, au akigusa kitu kinacholindwa nacho, tumbo humvimba. Musembi ni Mkristo wa kubatizwa, hayo hayaamini. Ila mkono wake ulikataa katakata kusogea.

"Kinamjuaje mwizi?" Carla aliuliza, amechuchumaa, pua nusura iguse kifundo.

"Sijui, sinyora." Na kwa kweli alitamani kujua.

Kabibi akatokea na mzigo wa kuni. Musembi akamwangukia: mama, tafadhali, ndege itawaacha, nami nitafukuzwa kazi.

"Nitafungua," Kabibi alisema, akitua kuni taratibu. "Kwanza waambie nani aliliacha gari wazi, na nani alililinda."

Musembi akawageukia wageni. Angeweza kuwaambia lolote, maana Kabibi hajui Kiitaliano. Lakini mama yule alikuwa akimtazama mdomoni. Akasema yote, hata lile neno mwizi akalifuta. Aibu ilimchoma masikio.

Kabibi akafungua kifundo kwa vidole viwili, akakitia katika pindo la leso. Carla akampa shilingi kumi zake kwa mikono miwili.

Njiani Musembi alikimbiza gari kuiwahi ndege.

"Bosi wako atajua?" Carla akauliza.

"Ukimwambia, sinyora."

"Simwambii. Ila nawe niambie kweli: ungekigusa, ungevimba?"

"Sijui. Kesho nakwenda kumwuliza Mama Kabibi," Musembi akasema. "Na nikifika, nalipa kabla sijazima injini."