Tuta la Reli ya Zamani Naipingo

Masika ya mwaka juzi, Zuleha wa Naipingo alimpoteza mjukuu wake wa kwanza. Binti yake Yasmini alishikwa na uchungu wakati bonde limejaa maji, na pikipiki ya kumpeleka hospitali Nachingwea ikashindwa kuvuka.

Bonde hilo lilikatizwa na tuta la reli ya zamani, iliyojengwa na Waingereza kusafirishia karanga za mashamba yao, ikang'olewa kabla Zuleha hajazaliwa. Tuta lilikuwa juu na kavu, ila lilijaa miiba na visiki. Yasmini aliposhika mimba tena, Zuleha alichukua panga akaanza kufyeka.

"Mama Yasmini, treni yako inakuja lini?" majirani walimtania.

"Anakuja mjukuu wangu," alijibu, akaendelea.

Visiki vilimshinda. Akamwendea Stanslaus, mfugaji Msukuma ambaye ng'ombe wake waliwahi kula ufuta wa Zuleha shambani. Tangu hapo hawakuwa wakisalimiana.

"Nahitaji maksai wako," alimwambia.

"Kwani umenisamehe, mama?"

"Bado. Lakini mvua haitatungoja tupatane."

Kesho yake Stanslaus alikuja na maksai na minyororo. Majirani walipoona visiki vinang'oka, nao wakashika majembe.

Masika yalipofika, bonde likajaa tena. Asubuhi moja pikipiki ilimpitisha Yasmini juu ya tuta, mama yake akifuata nyuma kwa miguu. Zuleha alifika hospitali amelowa chapachapa. Muuguzi akampa mtoto wa kike ampakate, naye akalia huku anacheka.