Pigo la Mia Tatu na Kumi na Moja

"Chizu, programu yako mbovu hii!"

Kunihiko aliisukuma kibodi kana kwamba imemng'ata. Kwenye kompyuta ya duka, mnyama wake wa manyoya mekundu alikuwa ameruka na kupiga kucha hewani, na chini yake yametokea maneno: Pigo limekosa.

"Kucha hazikosi," alisema. "Kijitabu cha mchezo kimeandika asilimia mia. Rekebisha kabla ya kesho, watu watatucheka."

Chizuru alikuwa amepiga magoti kando ya jiko la mafuta ya taa, akipanga midoli ya mwisho kwenye maboksi. Hakujibu. Kiwandani anakofungasha figili za chumvi, wenzake walikaa naye karibu mwaka mzima kabla ya kuisikia sauti yake.

Duka la midoli la Bibi Hatakeyama lilikuwa linafungwa. Kwa siku ya mwisho, kesho yake Jumapili, bibi alitaka waliokuwa watoto wa mtaa huu mjini Yonezawa waje tena kushindana kwa mchezo wa Wanyama wa Milima Saba, toleo lile la kwanza kabisa. Ila betri ndogo za kutunza kumbukumbu zilizo ndani ya kaseti za mchezo zilikuwa zimekufa zamani, na wanyama waliolelewa kwa miaka wamekufa nazo. Matoleo mapya nayo yana hesabu nyingine. Mnyama aliyekuwa tishio enzi hizo, leo hafui dafu. Ndiyo maana Chizuru, kwa miaka miwili, kila akitoka kazini, alikuwa akizijenga upya kanuni za mapigano ya zamani kwenye kompyuta, namba baada ya namba.

Alikuwa na sababu nyingine, na hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

Miaka ishirini na sita iliyopita, fainali ya duka hili ilikuwa kati ya Kunihiko na Yasufumi, kaka yake Chizuru. Mnyama wa Yasufumi alikuwa amebakiza uhai kidogo tu. Kunihiko akachagua Kucha, pigo lisilokosa, na likakosa. Zamu iliyofuata akashindwa. Kebo iliyounganisha vidude vyao vya mchezo ilikuwa ya Yasufumi, na Kunihiko akapiga kelele mbele ya watoto wote kwamba imechezewa. Jumatatu darasa zima lilikuwa linamwita Yasufumi "Kebo". Alilirudisha kombe, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena dukani, ingawa duka lake la kunyoa liko mtaa wa tatu tu kutoka hapa.

"Umenisikia, mdogo wangu?" Kunihiko aliuliza.

"Sirekebishi," Chizuru alisema.

Bibi Hatakeyama aliinua macho kutoka kwenye chungwa alilokuwa akimenya.

"Nilisharekebisha mara tatu," Chizuru aliendelea, akiliambia boksi. "Nilidhani nimekosea mimi. Kisha nikazisoma kanuni zilizo ndani ya kaseti yenyewe. Mchezo wa zamani huokota namba, kuanzia sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano. Pigo la uhakika limepewa mia mbili hamsini na tano. Ili lipate, namba iliyookotwa lazima iwe ndogo kuliko hiyo. Sasa ikiokotwa hiyo hiyo, si ndogo. Linakosa. Mara moja katika mara mia mbili hamsini na sita. Waliotengeneza walipitiwa."

Kunihiko aliigeukia tena skrini. Kisha akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

"Aa. Nimekuelewa. Yasu amekutuma."

"Kaka hajui chochote."

"Programu umeandika wewe. Ukitaka pigo likose, linakosa. Ukitaka paka aimbe, anaimba. Hapo umethibitisha nini?"

Masikio ya Chizuru yaliwaka. Usiku mwingi alikuwa amelipanga neno moja moja la siku hii, na jibu hilo hakulifikiria hata mara moja. Naye Kunihiko alikuwa amesema kweli.

"Basi lete kaseti yako," alisema mwishowe. "Ile ile ya wakati ule. Haina kebo, haina mkono wangu. Anza upya, upate mnyama wa kwanza, upige Kucha mpaka tuone."

"Na ikipiga mara mia tano bila kukosa?"

"Nitarekebisha programu. Na kesho, mbele ya watu, nitasema ulikuwa na haki."

"Mtoto huyu anaweka jina la kaka yake rehani," Bibi Hatakeyama alisema. "Nenda kailete, wewe. Au unaogopa?"

Kunihiko alirudi na theluji mabegani, mkononi ameshika kidude chake cha kijivu kilichopauka. Betri alizozitia alizichomoa kwenye redio ya mama yake. Bibi aligeuza kalenda, akashika penseli na kuanza kuhesabu kwa ile alama ya mistari mitano, kama tunavyohesabu kura darasani. Kila pigo mstari.

Saa moja ilipita. Kidole gumba cha Kunihiko kilikuwa kikienda chenyewe. Kwenye mstari wa tisini na nne, maneno yakatokea: Pigo limekosa.

Bibi aliruka kwenye mto wake wa kukalia. "Limekosa! Limekosa!"

Kunihiko aliinua kidole gumba. Chizuru aliinama juu ya skrini. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote.

"Hilo halihesabiwi," alisema. "Zamu iliyopita adui alimrushia mnyama wako mchanga machoni. Mwenye mchanga machoni kukosa ni kawaida."

"Sikuuona huo mchanga," Kunihiko alisema polepole.

"Mimi niliuona."

Kunihiko alikibonyeza kidude upya. Tangu hapo hakutania tena. Walikula matonge ya wali wakiwa wamekodoa macho, na kila adui aliyerusha mchanga, Kunihiko mwenyewe alimkimbia kabla ya kuambiwa. Mia mbili ikapita. Mia mbili hamsini na sita ikapita pia, na Chizuru akaanza kuisoma upya kaseti kichwani, akijiuliza ni wapi amekosea. Mia tatu.

Pigo la mia tatu na kumi na moja, adui akiwa panya wa shambani asiyejua kurusha chochote, kucha zilipita hewani.

Pigo limekosa.

Hakuna aliyeruka. Jiko lilinguruma. Kunihiko aliweka kidude mapajani na kukitazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Kaseti yangu mwenyewe," alisema. "Na nilimwita tapeli."

"Piga picha," bibi alisema.

"Yasu ataiaminije picha? Kwani mimi niliiamini kebo yake? Nampelekea yenyewe." Alisimama. Ndipo Chizuru alipoona taa nyekundu ya kidude imefifia.

"Betri zinakwisha! Ukizibadilisha kitazimika. Na usibonyeze kitu, maneno yataondoka."

Walitoka bila kufunga makoti. Kunihiko alikishika kidude kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi uliojaa, akitembea juu ya barafu kwa hatua za bata, na Chizuru mbele yake akisema, "Tupishe, tafadhali, tupishe," kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia.

Yasufumi alikuwa akifagia nywele. Alipomwona aliyeingia, ufagio ulisimama.

"Yasu. Usiseme kitu. Soma."

Yasufumi alisoma. Alimwangalia dada yake, akasoma tena.

"Kebo iko wapi?"

"Hakuna kebo. Kaseti yangu. Panya wa shambani tu." Kunihiko alimsogezea kidude. Aliinama mpaka kichwa kikakaribia sinki. "Nisamehe."

Skrini ilipauka, ikazimika.

Yasufumi aliendelea kuitazama hata ilipokuwa nyeusi. "Unajua," alisema, "nimewahi kuifungua ile kebo. Nikaikata vipande vipande, nione kama kweli ndani kulikuwa na kitu. Mlikuwa mmesema sana, nikaanza kujishuku."

Kunihiko hakuinua kichwa.

"Inuka, bwana. Nani anakukata nywele siku hizi? Adui yako?" Alikipangusa kiti vumbi kwa taulo. "Kaa hapa. Chizu, kesho mnaanza saa ngapi?"

"Saa nne," Chizuru alisema, na safari hii alisikika mpaka nje.

Kunihiko aliketi.